Kadi Tatu za Cecilia

Wiki iliyopita tulimwacha mwalimu Witness amesimama katikati ya chumba chake pale Mafiga, simu sikioni, masanduku ya harusi yamemzunguka pande zote. Alikuwa amemuuliza mchumba wake swali moja tu. Cecilia ni nani? Na Deogratias, yule bwana shamba mpole ambaye hata mbuzi akimzibia njia humwomba radhi, alicheka. Alicheka kwanza, halafu akajibu.

"Cecilia? Huyo ndiye mke wangu mkubwa."

Kisha simu ikakata.

Witness akapiga tena. Yule dada wa kwenye mitambo akamwambia namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga mara tisa, na mara zote tisa dada yule hakubadilisha hata neno moja. Deogratias alikuwa amekwisha sema tangu mwanzo kwamba yuko stendi ya Dodoma, chaji inamwishia, na atafika Morogoro saa kumi alasiri.

Tukumbushane kidogo, kwa ajili yako wewe unayesoma gazeti la kuazima. Witness ni mzaliwa wa Moshi, anafundisha hesabu shule ya msingi. Deogratias ni Mluguru wa milimani, juu ya Mlali, na alikuwa Dodoma majuma mawili kwenye semina ya mbegu. Harusi ilibakiza wiki tatu.

Na ilikuwa miaka ile simu za kupangusa ziliposhuka bei mpaka walimu nao wakapangusa. Soko huria lilikwisha tuletea mitumba na redio za kila rangi. Sasa likatuletea kadi za salamu zisizojua bahasha wala stempu. Zamani ukimtakia mtu heri, ulikwenda duka la vitabu ukachagua ua moja, ukaandika kwa mwandiko wako mzuri, ukangoja posta. Sasa waridi linametameta lenyewe kwenye kioo, na njiwa wawili wanabusiana kutwa nzima bila kuchoka.

Njiwa hao ndio waliomleta Cecilia. Siku ya Pasaka walitua kwenye ukurasa wa Deogratias, hadharani, watu wote wakiona: "Paxaka njema mume wangu. Nakupenda xana. Wako wa kwanza, Cecilia." Wiki mbili baadaye, siku ya kuzaliwa ya Deogratias, ikaja kadi ya pili yenye keki na mishumaa: "Mume wangu umekua xaxa. Uxinixahau huku mlimani."

Kadi ya tatu haikwenda kwa Deogratias. Ilikuja kwa Witness mwenyewe, faraghani, asubuhi ile ile ya Jumamosi. Waridi jeusi, na chini yake maneno haya: "Wewe mwalimu wa Mafiga, mume huyu ana mwenyewe. Mwachie mlima wake, urudi kwenu kabla hujaaibika. Zingatia hilo."

Sasa tuendelee.

Aliyekuwapo kumpangusa machozi Witness ni Filomena, shoga yake, mwalimu wa Kiswahili shule hiyo hiyo. Walipanga nyumba moja, chumba kwa chumba, walipika chungu kimoja. Filomena ndiye aliyemfundisha kufungua ukurasa mtandaoni, na ndiye aliyemwonyesha kadi ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa kunyoosha mambo. Akimaliza kusema na wanafunzi, au na muuza nyama, hufunga kwa neno lake lile lile, na muuza nyama alikwisha zoea.

"Mwanamume amekiri kwa kinywa chake," alisema Filomena. "Unangoja shahidi gani? Vua pete ya watu, panda basi uende Moshi kwa mama yako. Pete nitamkabidhi mimi akija. Usimpe nafasi ya kukulainisha. Zingatia hilo."

Witness akavua pete. Ilikuwa nyembamba, ya kizamani, na ilimtoka kwa shida, maana kidole kilikwisha izoea. Filomena akaipokea, akaifunga kwenye leso, akamsindikiza mpaka mlangoni na kumbeba begi.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Witness alifika stendi, basi la Moshi likiwa linaunguruma, kondakta ameshika begi lake tayari kulitia kwenye buti. Akaona jinsi atakavyoingia kwa mama yake mikono mitupu, na majirani watakavyouliza huyo mwanamke mwenzako anafananaje, naye hatakuwa na la kujibu. Kushindwa si neno, ila kushindwa na mtu usiyemjua hata sura ni fedheha juu ya fedheha.

Akalichukua begi lake mkononi mwa kondakta. Akamwendea dereva wa pikipiki aliyekuwa anatafuna muwa karibu na geti, akamwambia anataka kwenda Mlali, kule juu kwenye kigango cha Wakatoliki, kwao Deogratias, ambako hajawahi kufika.

Dereva huyo, kwa jina Stambuli, alimtazama viatu vyake vya visigino, akauliza kama huko juu kuna harusi au msiba. Witness akamjibu kwamba bado hajajua.

Mpaka Mlali ilikuwa lami na vumbi la kawaida. Baada ya hapo njia ikaanza kupanda, na Stambuli akaacha maswali. Mara mbili Witness alishuka ili pikipiki ipande yenyewe. Mara ya tatu alivua viatu akavitia begini. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Cecilia, na kila kilima alichopanda maneno yalizidi ukali. Alipofika kigangoni saa sita na nusu alikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye mwanzo, kati na mwisho.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wa kanisa aliulizwa nyumba ya Cecilia wa Deogratias. Aliangua kicheko, akaonyesha kwa ufagio nyumba ya bati iliyokuwa nyuma ya migomba. Witness hakukipenda kicheko kile hata kidogo.

Uani palikuwa na bibi kizee amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Witness akasita. Hotuba yake haikuwa na sehemu ya bibi kizee. Lakini adabu ni adabu, hata ukiwa umekuja kwa shari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda mlima bila viatu, umefukuzwa?"

Witness akasema hapana, anamtafuta Cecilia. Bibi akauliza Cecilia yupi, maana kigango kizima kimejaa akina Cecilia, padre wa zamani alilipenda jina hilo. Witness akasema anamtafuta Cecilia wa Deogratias.

Bibi akauweka ungo chini. Akamtazama mgeni kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu vilivyojaa udongo, na macho yake yakachangamka ghafla.

"Kumbe wewe ndiye yule mwalimu," alisema. "Basi kaa. Cecilia yumo ndani anajipamba. Mume wake anarudi leo kutoka Dodoma."

Witness akakaa. Kwa hiyo ni kweli. Yumo ndani, nyuma ya lile pazia, anajipamba. Hata siku ya kurudi anaijua. Aliangalia pazia, pazia likatikiswa na upepo, moyo ukamruka.

Akajikuta anauliza swali ambalo halikuwamo kwenye hotuba. Aliuliza kama huyo Cecilia ni mzuri.

"Mzuri sana," alisema bibi bila huruma. "Kukuzidi wewe, usinune. Anajua kupika, anajua kulima, anajua kucheza ngoma. Ila kitu kimoja tu kinamharibu."

"Kitu gani?"

"Meno. Yamebaki manne."

Na bibi akatabasamu. Alitabasamu kwa mdomo wote, taratibu, kama mtu anayefungua duka. Mwalimu wa hesabu hakuhitaji kuhesabu mara mbili. Mawili juu, mawili chini.

"Umekuja kunipiga, mke mwenzangu," alisema Cecilia, "au umekuja kunisalimia?"

Msomaji wangu, najua wewe ulikwisha elewa tangu yule mama wa ufagio alipocheka. Wewe una bibi. Bibi yako alikuita mume wangu tangu ukiwa hujui kujifuta kamasi, na siku ulipoleta mchumba alimnunia nusu saa nzima, akimuuliza kwa nini anamwibia bwana. Utani huo wa bibi na mjukuu ni maziwa tuliyonyonya. Lakini Witness mabibi zake wote wawili walikufa kabla hajazaliwa. Alilelewa bweni kwa bweni, na hakuna kizee hata mmoja duniani aliyewahi kumnunia kwa mapenzi.

Kwa hiyo hakucheka. Alilia. Alilia akiwa amekaa pale chini, begi mapajani, kwa aibu na kwa furaha vyote pamoja, mpaka bibi akaacha utani akamvuta begani. Bega lile lilinuka moshi na majani ya njegere. Bibi alimwambia alie tu, mlima wenyewe unachosha.

Alipotulia, akaletewa magimbi na chai, na mambo yakaelezwa. Cecilia ni bibi mzaa mama wa Deogratias. Ndiye aliyemlea, maana binti yake, mama wa Deogratias, alifariki mtoto akiwa darasa la kwanza. Hana simu ya kupangusa wala hajui kusoma. Kadi zake huandikiwa na Modesta, fundi cherehani wa pale kigangoni, dada wa miaka ishirini hivi anayejua mambo ya mtandao. Bibi husema maneno, Modesta huchagua maua.

Modesta akaitwa. Alikuja na futi ya kupimia shingoni, akamwamkia mgeni, na alipoambiwa kadi zake zimepandisha mtu mlima akashika mdomo. Witness akamuuliza jambo lililokuwa linamkera kama mwalimu: hizo herufi za x zinatafuta nini ndani ya Kiswahili? Modesta akajibu kwamba siku hizi ndivyo inavyoandikwa, inapendeza. Bibi akataka kujua x ndiyo nini. Akaonyeshwa kwenye kioo. Akasema inafanana na mtego wa panya, waiache.

Wakacheka wote watatu. Witness akasoma kadi ya Pasaka kwa sauti, bibi akapiga makofi, akasema ndiyo, hayo maneno ni yake. Akasoma ya siku ya kuzaliwa. Bibi akasema hiyo pia ni yake, keki ilikuwa shauri la Modesta.

"Na hii ya tatu ndiyo iliyonimaliza," alisema Witness, akiwa bado na kicheko mdomoni, akaisoma.

Hakuna aliyecheka. Bibi alibaki ameshika harage moja kati ya vidole. Akamwomba arudie, na Witness akarudia, polepole.

"Hiyo si yangu," alisema bibi.

Modesta naye akaapa kwa mtakatifu wake kwamba ametuma kadi mbili tu, zote kwa Deogratias, na kwamba jina la mwalimu mtandaoni halijui. Akatoa simu yake ionekane. Kadi zilikuwa mbili. Aliyetuma ya tatu alijiita Cecilia, akaweka mbele ya jina ua lile lile analoliweka Modesta, lakini alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Miaka minne nasali huyu mtoto aoe," alisema bibi. "Leo mimi nikufukuze wewe? Nizeeke na nani?"

Witness alikuwa anaitazama kadi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliitazama kwa macho ya kazi, macho ya kusahihisha madaftari. Hapakuwa na x hata moja. Mkato ulikaa mahali pa mkato. Nukta zote zilikuwapo. Mtu aliyeandika kadi hii alikuwa hawezi kukosea hata akiwa anafanya uovu. Halafu macho yakashuka mpaka maneno mawili ya mwisho.

*Zingatia hilo.*

Chai ikampalia. Aliyasikia maneno hayo asubuhi, chumbani. Aliyasikia jana jikoni, na juzi ofisini, na miaka mitatu mfululizo kupitia ukuta wa chumba. Alikuwa ameyasikia mno, na ndiyo sababu hakuyaona.

Filomena. Filomena aliyemwonyesha kadi ya kwanza, na akaijua mara moja kwamba ni utani wa bibi, kwa kuwa yeye anao mabibi wawili wazima kule Mikese. Filomena aliyembebea begi mpaka mlangoni.

Bibi alikuwa amemshika mkono wakati huo, akiupapasa kumtuliza. Vidole vyake vikafika kwenye kidole kitupu, vikasimama.

"Pete iko wapi?"

Witness akauvuta mkono. Bibi akauliza tena, taratibu zaidi, na safari hii hapakuwa na utani wowote. Pete ile, alisema, aliivua yeye mwenyewe kwenye kidole cha binti yake siku walipomlaza. Aliifunga kwenye kitambaa miaka ishirini na miwili. Alimpa Deogratias ampe mwanamke mmoja tu, na kwa Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo hakumpa pete, alimpa nyumba nzima.

"Nimemwachia Filomena," alisema Witness. "Amrudishie Deo saa kumi."

Aliyatoa maneno hayo kwa shida, na alipokwisha kuyatoa alitamani ardhi impokee.

Bibi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliuliza tu sasa ni saa ngapi, akaambiwa saa nane na robo. Akauliza kama mtu anaweza kumpata Deogratias kwenye simu. Modesta akasema hapo uani mtandao hakuna, lakini juu ya lile jiwe la nyuma ya choo hupatikana, ukisimama upande wa kushoto.

Wakaliendea jiwe, Witness mbele, Modesta kati, bibi nyuma na fimbo. Stambuli naye, aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake, akaamka akafuata, kwa kuwa mambo yalikuwa yamenoga.

Witness akasimama upande wa kushoto. Akapiga. Simu iliyokuwa haipatikani tangu asubuhi, safari hii ikaita. Ikaita mara tatu, ikapokelewa, na moyo wake ukafunguka.

"Shoga yangu," ilisema sauti ya Filomena. "Umefika wapi, umekwisha pita Chalinze?"

Filomena akaendelea kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. Deogratias alipata lifti ya gari la ofisi, amefika mapema. Simu yake ipo kwenye chaji. Mwenyewe yuko uani ananawa mikono aje kula. Ameshaelezwa kwamba Witness amemkataa na amekwenda kwao, amelia kidogo, atapoa. Safiri salama.

Kabla Witness hajasema lolote, mkono uliokunjamana ulipita mbele yake ukaichukua simu. Bibi aliigeuza huku na huku, akaambiwa upande wa kusikilizia ni huu, akaiweka sikioni.

"Haloo," alisema. "Hapa anaongea Cecilia."

Upande wa pili vilisikika vyombo vinavyogongana kwa mbali, na mtu anayepiga mluzi uani. Halafu Filomena, ambaye tusimnyime haki yake, alilelewa vizuri na mabibi zake, akatamka alichofundishwa kutamka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu bibi, na papo hapo akajichukia kwa kujibu. Lakini shikamoo haiachwi hewani, hata ikitoka kwa mwizi. "Mwambie mume wangu ninashuka."

"Basi wahi, bibi." Sauti ya Filomena ilikuwa imebadilika; upole ulikwisha. "Saa kumi tunaondoka naye, na pete tunaondoka nayo. Zingatia hilo."

Ikakata. Witness akapiga, haipatikani. Filomena alikuwa ameizima.

Bibi akamrudishia simu. Alikuwa hajashuka mjini tangu mwaka wa kumzika binti yake, na aliapa siku ile kwamba hatashuka tena kwa miguu yake mwenyewe. Aliutazama mteremko, akaitazama pikipiki, akamuuliza Stambuli hicho kitu kinabeba watu wangapi. Stambuli akasema sheria inasema abiria mmoja, wakiwa wawili hiyo inaitwa mshikaki, na trafiki wako pale chini Mlali, na leo ni Jumamosi.

"Sikukuuliza sheria," alisema bibi.

Akafunga kanga kiunoni mara mbili, akamkabidhi Modesta ungo wa maharage, akapanda nyuma ya dereva kana kwamba amezaliwa humo. Akapapasa nafasi ndogo iliyobaki.

"Panda, mke mwenzangu. Mume ni wetu wawili. Wa tatu hatumtaki."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano, na wingu lilikwisha ufunika mteremko wote mpaka Mlali.